Visanduku vya data vinavyoibuka kwenye simu: kabla ya kuvizima, jua vinatoka wapi

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Natumia simu ya Android yenye laini mbili. Kila nikimaliza kutumia intaneti kinaibuka kisanduku katikati ya kioo kikiniambia nimetumia MB kadhaa na zimebaki kadhaa, na chini yake tangazo la bando jingine. Ukifika katikati ya mwezi linakuja onyo kwamba nimefikia GB 2, na bando langu ni kubwa kuliko hapo. Nikiwa kwenye Wi-Fi naulizwa kama nataka kuhamia data ya simu. Nilikasirika nikazima arifa zote. Visanduku vinaendelea kama kawaida, ila sasa WhatsApp ndiyo iliyonyamaza. Mdogo wangu mwenye iPhone naye analalamika kwamba akizima data, kila mara anaambiwa aiwashe. Tufanyeje?

JIBU

Ndugu msomaji, habari ni nzuri. Kwanza irudishie WhatsApp sauti yake. Fungua Mipangilio, ingia Arifa, kisha washa tena programu ulizozizima, hasa za ujumbe, za benki na kalenda. Hizo hazikuwa na kosa lolote.

Ulichokizima kinatawala programu zilizomo ndani ya simu, na wengi wa wanaokusumbua hawapiti mlango huo. Kisanduku cha MB zilizobaki kinatumwa na kampuni yako ya simu kupitia laini. Onyo la GB 2 linatoka kwenye mfumo wa Android wenyewe. Swali la kuhama kutoka Wi-Fi nalo ni la mfumo, ila linatokana na ukaguzi mwingine kabisa usiohusiana na hesabu ya data. Ipo na aina nyingine ambayo hukuitaja, pengine kwa sababu hujaitambua bado: matangazo ya programu na tovuti yanayojivika sura ya onyo la data. Kila moja lina mahali pake pa kuzimiwa, na ukizima pa mwenzake hakibadiliki kitu. Ndiyo maana watu hugusa swichi baada ya swichi, mwisho wakaamini simu ni mbovu.

Nianze na kisanduku cha kampuni ya simu, maana ndicho kinachoudhi kuliko vyote, tena ndicho kisichoeleweka.

Angalia kinakuja wakati gani. Umezima data, umeweka simu mezani, na baada ya sekunde chache kioo kinawaka: maandishi matupu ndani ya kisanduku, hakuna nembo ya programu yoyote, na kitufe kimoja cha "Sawa". Data imeshazimwa lakini ujumbe umefika. Maana yake haukupita kwenye intaneti. Umepita kwenye njia ileile ya mawimbi inayotumika unapobonyeza nyota na reli kuangalia salio. Mara nyingi huo ni ujumbe wa USSD, tofauti yake ni kwamba safari hii mtandao umekupigia wewe badala ya wewe kuupigia. Una nafasi ya herufi 182 tu, na ndiyo sababu huandikwa kwa vifupisho vya ajabu. Tena hauhifadhiwi popote. Ukiufunga umekwenda, na hata ukiutafuta kwenye meseji huuoni.

Njia ya pili wanayotumia ni meseji ya daraja sifuri, ambayo wengine huiita meseji ya flash. Hiyo ni meseji ya kawaida iliyowekewa alama inayoiambia simu iioneshe papo hapo kwenye kioo badala ya kuipeleka moja kwa moja kwenye kikasha cha meseji. Kwenye simu nyingi za Android utaitambua kwa vitufe viwili, kimoja cha kughairi na kingine cha kuhifadhi.

Ya tatu ni laini yenyewe. Kadi ya SIM ni kompyuta ndogo yenye kichakata chake na kumbukumbu yake, na tangu miaka ya 1990 viwango vya GSM vinairuhusu kuiamuru simu ioneshe maandishi, itoe mlio au itume meseji. Utaratibu huo ndio unaoitwa SIM Toolkit, na kwenye orodha ya programu zako huenda ipo programu yenye jina hilo au jina la kampuni yako ya simu ambayo hukuipakua. Ndani yake ndimo zinamokaa huduma za habari, michezo, nyota za kuzaliwa na matangazo ya bando. Nyingine huja zikiwa zimewashwa tangu siku unaponunua laini.

Kama una shaka kwamba tatizo ni la laini na si la simu, ichomoe uiweke kwenye simu nyingine kwa saa chache. Kisanduku kikihamia kule, simu yako haina hatia, na hata ukiirudisha kwenye hali ya kiwandani utakuwa umepoteza picha zako bure. Nasisitiza hili kwa sababu kufuta kila kitu kwenye simu ndiyo tiba ya kwanza inayotajwa na mafundi wa haraka, na kwa visanduku vya aina hii haitibu chochote.

Sasa dawa yake. Fungua hiyo SIM Toolkit. Kwa kuwa una laini mbili, utaulizwa uchague ipi, na kazi hii utaifanya kwa kila laini peke yake. Pitia menyu moja moja ukitafuta huduma ya matangazo au taarifa, kisha ndani yake tafuta neno la kusitisha, kuzima au kujiondoa. Kwenye iPhone menyu hiyo imefichwa ndani ya mipangilio ya data ya simu. Usipoiona, basi kampuni yako haikuiweka.

Ukimaliza huko, wapigie huduma kwa wateja, na hapa lugha utakayotumia ina uzito. Ukisema tu "ondoeni matangazo", watakuondoa kwenye orodha ya meseji za promosheni na kisanduku kitaendelea, kwa sababu kwao muhtasari wa matumizi ni huduma nyingine kabisa. Waambie hivi: naomba msitishe ujumbe wa muhtasari wa matumizi ya data unaoibuka kwenye skrini kila ninapozima data, na kando ya hapo naomba niondolewe kwenye promosheni zinazokuja kwa USSD, kwa meseji na kwa menyu ya laini. Yataje yote mawili kwa majina yake. Wakikujibu kwamba muhtasari hauzimiki, waombe uwe unakuja kama meseji ya kawaida, au uje tu bando linapokaribia kuisha. Omba namba ya kumbukumbu ya ombi lako, maana huenda ukapiga tena.

Wapo watakaokushauri uizime kabisa programu ya SIM Toolkit kwenye mipangilio ya programu. Kwenye simu nyingine inawezekana, na visanduku vilivyokuwa vinatoka humo hunyamaza. Lakini ukifanya hivyo unapoteza menyu yote ya laini, na kama huduma yako ya kutuma fedha inatumia menyu hiyo utakwama siku ambayo una haraka. Mimi sishauri, labda kama umehakikisha kwamba hakuna chochote humo unachokitumia. Tena haigusi USSD wala meseji za daraja sifuri, kwa hiyo unaweza kulipa gharama hiyo yote na kisanduku kikabaki palepale.

Jambo moja la tahadhari kabla sijatoka hapa. Visanduku hivi vina tabia ya kuibuka ukiwa katikati ya kuandika, kidole kiko hewani kikielekea kitufe cha kutuma. Vingine havikuarifu, vinakuuliza: "Jiunge upate nyimbo kila siku?" na chini yake "Sawa" au "Tuma". Mguso mmoja wa bahati mbaya unaweza kuhesabiwa kama kukubali huduma ya kulipia, kisha ukashangaa salio linaliwa kidogo kidogo. Jizoeze kuvifunga kwa kughairi au kwa kitufe cha kurudi nyuma, na kama umegusa "Sawa" bila kusoma, piga huduma kwa wateja siku hiyohiyo uulize umeunganishwa na huduma gani za kulipia.

Tuje kwenye onyo la GB 2. Hili halina ujanja wowote wa kibiashara. Android hubeba kihesabu chake cha data, na kiwango cha onyo ambacho Google wamekiweka kwenye mfumo tangu mwanzo ni GB 2. Watengenezaji wa simu wanaweza kukibadili, ila wengi wamekiacha. Simu haijui umenunua bando gani. Inachojua ni kwamba tangu mzunguko uanze zimepita GB 2, basi inakuambia.

Nenda Mipangilio, Mtandao na intaneti, gusa laini yenye data, kisha utafute sehemu ya onyo na kikomo cha data. Kwenye Samsung inakaa ndani ya Miunganisho, chini ya Matumizi ya data. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini ukiandika "data" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio utafika. Ukishafika utakuta mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni siku mzunguko unapoanza. Simu hudhani mwezi wako wa data unaanza tarehe fulani, kwa kawaida tarehe 1. Kama bando lako la mwezi ulilinunua tarehe 12, hesabu ya simu na hesabu ya kampuni haziwezi kukutana hata siku moja. Weka tarehe 12. La pili ni onyo lenyewe: likifika linakuarifu na data inaendelea kama kawaida. La tatu ni kikomo, na hiki ni kitu kingine: kikifika simu inaikata data ya simu mpaka uiruhusu tena mwenyewe. Nimeona watu wakiweka kikomo wakidhani ni onyo, kisha wakahangaika na intaneti iliyokatika huku bando bado lipo.

Mathalani una bando la GB 15 la mwezi. Weka onyo GB 12. Kikomo unaweza kukiweka GB 14, kwa sababu simu na kampuni hazihesabu sawasawa, na Android yenyewe inakuandikia hivyo kwenye ukurasa huo. Ukiacha kikomo kiwe GB 15 kamili, bando linaweza kuisha kwa hesabu ya kampuni wakati simu bado inaona kuna akiba, na hapo matumizi yanahamia kwenye salio la kawaida ambalo kwa kampuni nyingi ni ghali zaidi.

Lakini kama wewe ni mtu wa bando za siku au za wiki, zima onyo hilo moja kwa moja. Mzunguko wa kihesabu hicho huanzia tarehe ya mwezi, haujui kwamba jana ulinunua bando la saa 24. Litakuwa linakuonya kuhusu jumla ambayo haina maana kwako. Katika hali hiyo unayemhitaji ni kampuni ya simu, maana ndiyo pekee inayojua kilichobaki kwenye bando. Kwa hiyo usiwaombe wasitishe kila kitu; bakiza ile meseji ya bando likikaribia kuisha. Mwenye bando kubwa la mwezi anaweza kufanya kinyume chake: anyamazishe kampuni, aache simu ihesabu. Kubaki na onyo moja linalojua unachokitumia kunatosha. Kutobaki na lolote ni kutafuta siku ya kukuta salio limekwisha.

Kumbuka kila laini ina mpangilio wake. Ukirekebisha laini ya kwanza tu, siku utakapohamisha data kwenye ya pili, GB 2 zitarudi.

Huenda siku nyingine ukaona arifa inayofanana na hii ikisema programu zako zimetumia data nyingi kuliko kawaida. Hiyo usiifute kwa hasira. Ifungue uone ni programu ipi iliyo juu ya orodha, maana mara nyingi utakuta picha zinapakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa data ya simu, au mchezo umejisasisha wenyewe.

Swali la Wi-Fi lina hadithi yake. Kila Android inapoungana na Wi-Fi hutuma ombi dogo kwenye anwani ya Google na kungoja jibu lenye namba 204, yaani "nimekupata, sina cha kukupa". Jibu hilo likija, simu inajua intaneti ipo. Likija kitu kingine, mfano ukurasa wa kuingiza nywila, inajua kuna mlango wa kujisajili. Lisipokuja kabisa, inahitimisha kwamba Wi-Fi imeungana lakini haina intaneti, ndipo inakuuliza kama ubaki au uhamie data ya simu. iPhone nayo hufanya ukaguzi wa namna hiyo kwa anwani ya Apple.

Kwa hiyo ukiulizwa mara moja kwa wiki, bofya kubaki, weka alama kwenye "usiulize tena" kama ipo, na maisha yaendelee. Ukiulizwa mara nyingi kwa siku, swali hilo linakuambia kitu cha kweli: Wi-Fi yako inakatika. Huenda ruta iko mbali, imezidiwa na vifaa, au malipo ya intaneti yanakaribia kwisha na kasi imeshushwa. Ukizima swali bila kutengeneza ruta, kurasa zitakuwa zinagoma kufunguka na hutajua kwa nini.

Lililo baya kuliko swali ni pale simu inapohama bila kuuliza. Ndani ya mipangilio ya Wi-Fi, kwenye mapendeleo au mipangilio ya ziada, simu nyingi za Android zina swichi ya kuhamia data ya simu kiotomatiki Wi-Fi inapodhoofika. Ikiwa imewashwa huoni kisanduku chochote; unaona bando limekwisha, basi. iPhone ina ndugu yake, jina lake Wi-Fi Assist, iliyoletwa na iOS 9 mwaka 2015 na huja ikiwa imewashwa. Iko chini kabisa ya ukurasa wa data ya simu, na pembeni yake imeandikwa kiasi cha data ilichotumia. Mwambie mdogo wako akaangalie namba hiyo kabla hajaizima. Mwenye bando dogo aizime. Mwenye bando la kutosha anaweza kuiacha imsaidie.

Hapohapo kwenye Wi-Fi zima pia taarifa ya mitandao ya wazi iliyo karibu, ile inayokuita kila unapopita barabarani. Haina faida kubwa.

Programu zenyewe hazinichukui muda mwingi, kwa sababu zinatii. Programu ya video ikikuambia kwamba unatazama kwa data ya simu, swichi ya onyo hilo imo ndani ya programu hiyo, kwenye sehemu ya data au uchezaji. Play Store ina mapendeleo ya mtandao ambamo unachagua kupakua kwa Wi-Fi pekee, kwa mtandao wowote, au kuulizwa kila mara. Bila shaka ukichagua la mwisho utaulizwa kila mara. WhatsApp ina mahali pa kuamua picha na video zijipakue zenyewe lini, na huko data ya simu na Wi-Fi zimetenganishwa. Kwa arifa yoyote usiyoijua, ibonyeze na kuishikilia: itakuonesha jina la programu inayoituma, na tangu Android 8 ya mwaka 2017 unaweza kuzima aina moja tu ya arifa za programu ukaacha nyingine. Hiki ndicho ulichopaswa kukifanya badala ya kufyeka shamba zima.

Kama arifa hutoweka kabla hujaisoma, washa historia ya arifa, iliyopo tangu Android 11 ya mwaka 2020, ndani ya sehemu ya Arifa. Huweka arifa za saa 24 zilizopita, na jina la aliyeituma kila moja. Ila haioni USSD. Kisanduku kikiibuka na hakimo kwenye historia, mtuhumiwa wa kwanza ni kampuni ya simu.

Sasa wale wanaojifanya. Vinaibuka visanduku vyekundu: data yako imeisha, laini yako itafungwa, bonyeza hapa upate GB 50 za bure. Ukiona nembo ya kivinjari kama Chrome na chini yake anwani ya tovuti, ujue ni tovuti uliyoiruhusu siku moja ikutumie arifa, labda ulipobofya "Ruhusu" ili uione video. Ingia mipangilio ya tovuti ndani ya kivinjari, fungua Arifa, na uziondolee ruhusa tovuti zote usizozifahamu. Tovuti haina njia ya kusoma salio la bando lako kutoka kwenye simu, kwa hiyo onyo lake kuhusu data iliyobaki ni uongo hata likitaja kiasi kinachokaribiana na ukweli.

Zikiwa ni za programu inayochora juu ya skrini nyingine, fungua orodha ya programu za hivi karibuni wakati kisanduku kiko wazi uone nembo ya nani imekaa mbele. Kisha nenda kwenye programu, ufikiaji maalumu, ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, na uwanyang'anye ruhusa hiyo wote wasioihitaji. Ukishindwa kumkamata mhusika, iwashe simu kwa hali salama: bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka yaje machaguo ya kuzima, kisha shikilia neno la kuzima mpaka uulizwe. Kwenye simu mpya huenda ukahitaji kubonyeza na kitufe cha kuongeza sauti. Humo programu ulizozipakua hazifanyi kazi. Visanduku vikikoma, mhusika ni mojawapo ya ulizopakua karibuni, basi anza kuondoa kutoka ya mwisho. Ili kutoka kwenye hali hiyo, izime simu na kuiwasha upya.

Mara kwa mara mhusika huwa ni programu iliyopakuliwa eti kuokoa data au kuongeza kasi. Sioni sababu ya kuzibeba. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 simu ina Kiokoa Data chake, na kinafanya kazi hiyo bila tangazo. Jihadhari tu na hili: kikiwashwa kinazuia programu kutumia data zikiwa nyuma, na meseji zinaweza kukufikia kwa kuchelewa. Kama kwenye ile hasira ulikiwasha nacho, na WhatsApp bado iko kimya baada ya kurudisha arifa, iweke kwenye orodha ya programu zenye data bila vizuizi.

Mdogo wako mwenye iPhone anakutana na kitu tofauti. Data ikizimwa na programu ikahitaji intaneti, mfumo humwambia awashe data au atumie Wi-Fi. Apple hawakuweka swichi ya kukinyamazisha kisanduku hicho. Kinachosaidia ni kubadili mtindo. Aache data ya simu ikiwa imewashwa kwa ujumla, ashuke kwenye orodha iliyo ukurasa huohuo, na kuzizimia data programu anazoona zinakula bando. Hapo kisanduku humjia pale anapofungua programu mojawapo ya hizo nje ya Wi-Fi, basi. Aongeze hali ya matumizi madogo ya data, iliyokuja na iOS 13 mwaka 2019, na kwenye usasishaji wa programu zilizo nyuma achague Wi-Fi pekee. Kwenye App Store achague kuulizwa kama upakuaji unazidi MB 200 tu. Na kihesabu cha data kwenye ukurasa ule hakijirudishi sifuri chenyewe kila mwezi, kwa hiyo akirudishe mwenyewe siku anaponunua bando, la sivyo atakuwa anasoma jumla ya miaka.

Katika kuzima kwenu kote, msiguse tahadhari za dharura zinazotangazwa kupitia minara ya simu, kama za mafuriko au matetemeko. Nazo huibuka katikati ya kioo kwa mlio mkali na hazihitaji data, kwa hiyo ni rahisi kuzihesabu kama kero. Zina ukurasa wake ndani ya sehemu ya usalama na dharura, uacheni ulivyo.

Baada ya yote haya kikibaki kisanduku usichokielewa, usikifunge mara moja. Piga picha ya skrini kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, kisha andika pembeni: data ilikuwa imewashwa au imezimwa, ulikuwa kwenye Wi-Fi au la, na laini ipi ilikuwa na data. Picha hiyo na mistari hiyo mitatu ndivyo vitakavyomwezesha mtu wa huduma kwa wateja, au mimi ukiniandikia tena, kukuambia kinatoka wapi. Ila futa namba yako ya simu kwenye picha kabla ya kuituma.